Mbu hana ubaguzi, bustani ndizo zinao

Hebu nikuulize swali, msomaji wangu, na unijibu bila kuzuga. Jumapili jioni, mfukoni una nauli tu, ndani ya chumba joto limekufukuza, unataka mahali penye kivuli na upepo ukae na mwenzako mpige stori, asitokee mhudumu kukuuliza "mnakunywa nini?" Unakwenda wapi?

Najua jibu. Unakwenda Coco Beach ukabanane na jiji zima. Au unasogea Mnazi Mmoja. Au, kama wengi wetu, huendi popote. Unavuta benchi la muuza kahawa hapo hapo mtaani, unaagiza kikombe na kashata, mnahesabu daladala zinavyopita.

Sasa swali la pili, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Kwa nini kuanzia Ocean Road hadi Oysterbay miti imejipanga kama askari wa gwaride, halafu ukienda Buguruni, Vingunguti au Manzese, mti ukiuona unataka kuusalimia kwa jina? Jua ni lile lile, mvua ni ile ile. Mungu hakugawa kivuli kwa upendeleo. Waliogawa ni watu, tena walikaa mezani na ramani. Walichotazama kwenye ile ramani ni rangi ya ngozi.

Usinune, hii si hotuba. Twende taratibu.

Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Wakachukua upande wa mashariki wa mji, ule unaopigwa na upepo wa bahari. Wajanja wale! Mwaka 1893 wakaanzisha na bustani ya mimea, ile iliyoko karibu na Makumbusho ya Taifa. Wengine tunaijua kwa picha za harusi tu, lakini ilianza kama mahali pa kujaribia mimea ya biashara.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wameshachora mpango wa kuukata mji vipande vitatu. Kipande cha kwanza nyumba za Kizungu. Cha pili nyumba za mawe na maduka, ndiko walikokaa Wahindi. Cha tatu vibanda vya Waafrika. Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, wakaupokea mpango ule ule, wakaendelea nao.

Ujanja wao ulikuwa hapa: mgawo haukutaja rangi ya mtu, ulitaja aina ya nyumba. Eneo hili zijengwe nyumba za Kizungu peke yake, lile zijengwe vyovyote. Kama mshahara wako ni wa kubeba mizigo bandarini, nyumba ya Kizungu utaijengea nini? Basi umeshajua pa kwenda. Hakuna aliyekufukuza, umejifukuza mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo, zaidi ya miaka sitini tangu Uhuru, bado tunasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kondakta anakuelewa bila kuuliza.

Waafrika wakapelekwa Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale wakati wa vita. Na kati ya Kariakoo na Uhindini ikaachwa ardhi tupu. Haikujengwa kitu. Ardhi hiyo ndiyo Mnazi Mmoja.

Haya, ewe unayedhani Mnazi Mmoja iliachwa wazi ili tupumzike, pole sana. Iliachwa iwe uzio. Uzio wa nyasi.

Na unajua kisingizio? Mbu! Miaka ile madaktari walikuwa wameshagundua kwamba malaria inaletwa na mbu. Basi wakaona kwamba watoto wa Kiafrika wamejaa vijidudu vya malaria kwenye damu, mbu akimuuma mtoto wa Kiswahili halafu akaruka akamuuma Mzungu, mambo yameharibika. Mwaka 1913 alitumwa Afrika Mashariki mtaalamu mmoja wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson. Alipomaliza kuzunguka akaandika kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na kati ya makazi ya Wazungu na ya wengine uwepo ukanda mtupu wenye upana usiopungua yadi 300.

Yadi 300 ni kama mita 270. Yaani mbu wa Uswahilini afike katikati ya kiwanja, achoke, aghairi, arudi nyumbani! Na yaya aliyebeba mtoto wa bwana, na mpishi, na dobi, na mtunza bustani, wote waliovuka ukanda ule kila alfajiri na damu yao ile ile, hao hawakuhesabiwa. Mbu hakuwa na ubaguzi. Mwenye ubaguzi alikuwa mchora ramani.

Wangetaka kweli kuua malaria, wangechimba mitaro Kariakoo, wangefukia madimbwi Ilala. Hapo wangepona wote, mweusi na mweupe. Lakini mitaro ni gharama, ukanda wa nyasi ni rahisi.

Na kitu kimoja nimekijifunza: panapogawiwa kivuli, na takataka zinagawiwa siku hiyo hiyo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walichoka na moshi, nzi na harufu ya jaa la jiji, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Wakashinda. Jiji likaomba muda, jaji akakumbusha kwamba Katiba, Ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Baadaye taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako watu zaidi ya 700 wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Jaa likahamia wapi? Vingunguti.

Angalia safari hiyo vizuri. Katika kuhangaika kote huko, je, uliwahi kusikia hata kwa bahati mbaya lori la taka limeelekezwa Oysterbay? Wakubwa wenye maneno yao wanaliita jambo hili haki ya mazingira. Mimi naliita kwa Kiswahili cha mtaani: nani anapewa upepo, nani anapewa harufu.

Siku hizi Mzungu siye anayegawa. Tunagawana wenyewe, na rangi imevaa koti jipya linaloitwa pesa. Lakini mistari ni ile ile ya zamani.

Sasa nikupe raha kidogo. Watu hawakukubali Mnazi Mmoja ibaki uzio. Pembeni yake kabisa, Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ardhi ya kutenganisha watu ikawa ardhi ya kukutanisha watu. Wakaja wasikiliza mikutano, wakaja wacheza mpira, wakaja wauza karanga. Leo pana mnara wenye Mwenge wa Uhuru, na chini ya miti utamkuta mzee anasoma gazeti la juzi, kijana amelala na viatu kichwani wasije wakamwibia, mama amekaa na mgonjwa wake wanasubiri basi.

Oysterbay hivyo hivyo. Enzi za Mwingereza ilikuwa kwa maofisa Wazungu. Nenda Jumapili sasa hivi. Mihogo ya kukaanga, mishikaki, redio tatu zinagombana, watoto wa Mbagala wanaogelea na nguo zao za shule. Hakuna sherehe ya Uhuru inayonipendeza kama hiyo.

Tatizo ni kwamba si kila mtu anaihesabu ile kuwa ni matumizi ya bustani.

Mwaka jana mimi na washikaji zangu wawili tuliingia kwenye bustani moja ya umma hapa mjini. Jina nalihifadhi. Tulikuwa tunatoka kuulizia kazi, saa nane mchana, jua limesimama utosini. Tukakaa chini ya mwembe. Hata dakika kumi hazijaisha akaja mlinzi na rungu lake.

"Nyie vijana, mnamngoja nani?"

"Shikamoo mzee. Hatumngoji mtu, tunapumzika."

"Marahaba. Mnapumzika kazi gani mliyofanya? Hapa hapatakiwi kukaa kaa. Haya, inukeni."

Wakati huo huo dada mmoja wa Kizungu, waya masikioni, alikuwa anaizunguka bustani ile ile mbio. Alipita mbele yetu mara nne. Mlinzi kila akimwona anatabasamu mpaka gego. Mshikaji wangu mmoja, mdomo wake haujui kufunga, akamuuliza: "Mzee, na yule mbona humuulizi anamngoja nani?"

Akajibu bila kufikiri: "Yule anafanya mazoezi. Nyie mnafanya nini?"

Tukainuka.

Sina kinyongo na yule mzee. Ni mlalahoi kama mimi, jioni anagombania daladala kama mimi, na shikamoo aliitikia. Lakini swali lake limenikaa kichwani. Mnafanya nini? Kumbe bustani ni ya mwenye kukimbia, mwenye mbwa, mwenye kamera. Mwenye kukaa tu, huyo ni mzururaji.

Na jamani, swali lile si la mlinzi. Ni la wakoloni. Mwaka 1944 walitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa". Kanuni yetu ya Adhabu tuliirithi kwao, na humo zimo kifungu cha 176 na cha 177 zinazohusu wazembe na wazururaji. Hata sisi wenyewe baada ya Uhuru tuliendeleza: waulize wakubwa zako kuhusu Nguvu Kazi ya mwaka 1983, vijana walivyosombwa mjini kupelekwa mashambani. Katika nchi hii kijana mweusi aliyekaa chini ya mti bila shughuli ametiliwa shaka karibu miaka mia. Mgeni akikaa chini ya mti ule ule, huyo ni mtalii.

Usidhani ni Bongo peke yake. Pale New York kuna bustani kubwa inaitwa Central Park, umeiona kwenye sinema. Kabla haijawa bustani, sehemu yake moja ilikuwa kijiji kikiitwa Seneca Village. Weusi walianza kununua viwanja pale mwaka 1825, wakajenga nyumba, makanisa na shule. Mwaka 1857 wakawa wameondolewa wote, bustani ipite. Miaka mia moja sitini na kitu baadaye, tarehe 25 Mei 2020, Mmarekani mweusi alikuwa kwenye bustani hiyo akitazama ndege kwa darubini. Akamwomba mama mmoja wa Kizungu amfunge mbwa wake kamba, kwa sababu sehemu ile kanuni inataka hivyo. Mama akapiga simu polisi, akasema kuna mwanaume mweusi anatishia maisha yake. Bahati, jamaa alikuwa anapiga video.

Unaona? Yule hakuwa hata amekaa bure. Alikuwa na darubini, ana shughuli. Bado ngozi ikamponza. Kwa hiyo ndugu yangu, dawa si kununua raba za kukimbilia ili mlinzi akutabasamie. Dawa ni kukubaliana kwamba kukaa ni haki.

Na tena wanaokaa ndio wanaoilinda bustani, amini usiamini. Wavuke jirani zetu Nairobi. Katikati ya mji kuna bustani ya Jeevanjee, ilitolewa mwaka 1906 na tajiri wa Kihindi, A. M. Jeevanjee, wakati Mhindi mwenyewe alikuwa akibaguliwa katika mji ule. Mwaka 1991 wakatokea watu wanataka kuichimba wajenge. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete, na wananchi wakasimama naye. Bustani ikapona. Pale saa za chakula cha mchana wahubiri wanahubiri, wasio na hela ya chakula wanalala, na wabishi wa siasa wana kikao chao kinaitwa Bunge la Mwananchi. Hawajamwomba mtu kibali cha kufikiri.

Miaka miwili kabla, 1989, Uhuru Park nayo ilitaka kumezwa na ghorofa 60. Mwanamama Wangari Maathai akaanza kuandika barua. Wakamtukana mpaka bungeni. Hakunyamaza, wafadhili wakakimbia, ghorofa likafa. Mwaka 2004 mama huyo akapewa tuzo ya Nobel ya Amani. Hoja yake, ukiitoa maneno makubwa, ilikuwa nyepesi: mtu wa kawaida, Jumapili, na watoto wake, atakwenda kukaa wapi?

Sasa nirudi nyumbani, kwenye jambo lililo mezani. Bonde la Msimbazi, pale Jangwani. Unajua mafuriko ya Desemba 2011, watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kulitengeneza bonde hilo: mto upanuliwe, daraja linyanyuliwe, watu wa bondeni walipwe fidia wahame. Na katika ramani ya mradi, msomaji wangu, imo bustani kubwa ya jiji.

Mimi naifurahia, sikufichi. Bustani Jangwani! Hatua chache kutoka Kariakoo, Magomeni, Ilala, Kigogo. Kwa mara ya kwanza kivuli kikubwa kingepandwa upande wetu wa ramani. Na kama bonde litanyonya maji ya mvua, wa Kigogo watalala usingizi.

Lakini naogopa kitu kimoja. Naogopa siku ya kufungua, nikute geti. Kwenye geti kibanda cha tiketi. Ndani kahawa ya bei ya kilo mbili za sukari, na ubao: marufuku kukaa kwenye nyasi, marufuku kuleta chakula, marufuku biashara ndogondogo. Naogopa mtu aliyezaliwa bondeni, aliyezikiwa nduguye na maji ya Msimbazi, akapewa fidia akaenda kupanga mbali huko, siku akirudi kutazama palipokuwa kwao aulizwe na mlinzi: "Unamngoja nani?"

Ikiwa hivyo, tutakuwa tumewahamisha maskini ili tutengeneze Mnazi Mmoja ya pili, ile ya mwanzo, ya uzio wa nyasi.

Basi mimi ninazo hoja zangu tano tu, nazitoa bure. Kwanza, kuingia kusiwe na kiingilio. Pili, mabenchi yawe mengi, yawe marefu ya kukaa watu sita, na miti iwe ya kivuli, miembe na mikungu, siyo minazi ya mapambo isiyomfunika hata kuku. Tatu, muuza kahawa na mama wa mihogo watengewe nafasi yao, kwa sababu bustani isiyo na kahawa ni makaburi. Nne, pawe na choo na bomba la maji linalotoa maji. Tano, waliohama bondeni wakumbukwe kwanza zikigawiwa kazi za kuitunza. Na mlinzi akiajiriwa, afundishwe neno moja tu: "Karibuni."

Viongozi wa mitaa huitisha mikutano, na vijana huwa hatuendi, tunawaachia wazee halafu tunalalamika kijiweni. Mtaa wako ukiwa Magomeni, Kigogo, Ilala au Upanga, siku ukisikia kikao kinachohusu bonde, nenda. Kaa mbele. Ukiulizwa umekuja kufanya nini, jibu unalo.

Kwa leo tuishie hapo. Kama una kijiwe chenye kivuli cha bure hapa mjini, niandikie kupitia gazeti hili. Ila usinitajie kwa sauti kubwa, wenye michoro nao wanasoma. Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.